Kompyuta Zilipobadilishwa

Katika shule yetu hapa Mukuju, kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale, chumba cha kompyuta kilikuwa kama boma langu. Nilikabidhiwa ufunguo wake nilipokuwa Kidato cha Tatu, na kila aliyetaka kuchapiwa barua ya karo au orodha ya wanakwaya alinitafuta mimi kwanza. Watoto wa vidato vya chini waliniita Fundi, nami sikuwakataza.

Mashine zetu ni kuukuu. Zilikuwa zikitumia Windows 7, iliyotolewa mwaka 2009. Tarehe 14 Januari 2020 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea kinga mpya, nasi tukaendelea nayo vivyo hivyo, kama watu walalao katika nyumba isiyo na komeo. Kupanda Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hakukuwezekana, maana inadai prosesa za karibuni na kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine zetu hazina. Basi katika likizo ya Desemba mwalimu wetu alizifuta zote akaweka Ubuntu.

Ubuntu imejengwa juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland aliianza mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi. Ubuntu yenyewe ilitolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini pamoja na wenzake, nayo hailipiwi hata senti moja. Jina lake ni neno la lugha za kusini, maana yake utu. Sisi Waiteso hatuna neno la shina hilo, lakini wenzetu Wasamia waliotoka Busia walilitambua mara moja, wakatutania kwamba sasa kompyuta zimekuwa mali yao.

Tulipofungua shule niliingia chumbani kwa kishindo, nikaketi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pembe ya chini kushoto, pale palipokuwa na kitufe cha kuanzia. Hapo nilikuta vitone tisa. Nikavibonyeza, na kioo kizima kikajaa picha ndogo ndogo. Nikaitafuta C, nikaitafuta D, hazikuwapo. Word haikuwapo pia, ila LibreOffice. Hata herufi za Times New Roman zilikuwa zimeondoka, na mahali pake palikuwa na nyingine ziitwazo Liberation Serif. Mwalimu alinieleza kwamba upana wake ni ule ule na kwamba barua zangu hazitahama mstari, lakini mimi nilishikilia kuwa zimeharibika.

Kisha akanituma niweke programu ya mashine ya kuchapia. Niliandika amri aliyonipa, kompyuta ikaniuliza neno la siri. Nikaandika. Hakikutokea kitu, wala herufi, wala hata nyota moja. Nikagonga kibodi, nikaipindua, nikaikung'uta vumbi, nikainuka kwenda kuleta nyingine. Mtoto wa Kidato cha Pili aliyekuwa akifagia nyuma yangu akasema kwa upole, "Kaka, inaandika, ila haionyeshi. Andika umalize, kisha ubonyeze Enter." Wenzangu wakacheka. Nami nikamwambia aendelee kufagia.

Majuma mawili yalipita hivyo. Siku moja nilihifadhi kazi moja mara mbili, moja kwa jina la "Hesabu" na nyingine "hesabu". Windows ingalisema kuwa jina hilo limekwisha tumika, lakini Linux huzihesabu H kubwa na h ndogo kuwa vitu viwili. Nikasahihisha moja, nikamkabidhi mwalimu nyingine. Wakati huo nilikuwa nikisema wazi kwamba mfumo huu umeletwa kwa ajili ya umaskini wetu tu.

Hapa yanipasa nieleze jambo ambalo sikupenda kulisema. Shangazi yangu ni mwandishi wa kikundi cha akiba cha kina mama 22. Daftari lao lilipojaa, mimi ndimi niliyemshauri aache karatasi, nikawa namwandikia hesabu katika flashi kila Jumamosi. Mwezi wa Novemba, kabla ya Windows kuondolewa, niliichomeka flashi ile katika mashine ya shule, na folda zote zikageuka picha zenye mshale mdogo, ambazo hazikufunguka. Virusi vilikuwa vimetoka kwetu. Nilimwambia shangazi kwamba flashi imekufa. Akagawa akiba za Desemba kwa kukumbuka tu, na palipotokea ubishi akalipa mwenyewe, hata akauza mbuzi wawili. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, ni bahati mbaya," na mimi nilijua kwamba si bahati.

Flashi ile niliendelea kuibeba mfukoni. Siku moja yule mtoto mfagiaji aliiona mezani akauliza kama anaweza kuijaribu. Nikamruhusu kwa kumdharau. Akaichomeka, na folda zote zikatokea, miezi yote ikiwamo. Akanionyesha sababu yake. Virusi vile havikuwa vimefuta kitu. Vilizitia folda alama ya kufichwa, vikaweka ile mishale mahali pake. Windows hutii alama ile, lakini Linux haiijali, nayo ile programu ya virusi, yenye mkia wa .vbs, haikuweza kukimbia humo. Tukanakili hesabu kwenye flashi safi. Sisemi kwamba Linux haipatwi na virusi kabisa, maana mwalimu alinikanya nisiseme hivyo. Vile havikuandikiwa Linux, basi.

Jumamosi ile nilimpelekea shangazi karatasi tulizochapa, nikamwambia flashi iliharibikia wapi na kwa mkono wa nani. Alinyamaza kitambo, akavaa miwani, akaanza kusoma jina kwa jina. Karibu yote aliyalipa sawasawa, na wawili aliwalipa zaidi. Lakini mama mmoja mjane alipunjwa shilingi 38,000, naye siku ya mgawo hakusema neno. Tulikwenda kwake jioni ile ile. Nusu ya fedha zilikuwa zangu, nilizoweka kwa ajili ya viatu. Alizipokea, akazihesabu mara mbili, akasema, "Nilijua. Lakini ningesema ningeonekana nambishia mtu aliyeuza mbuzi wake."

Ufunguo wa chumba sasa tunashika wawili, mimi na yule mtoto. Mkono wangu bado huenda kwenye pembe ya chini kushoto, na vile vitone tisa nimevizoea. Shangazi amenunua daftari jipya la jalada gumu. Kila Jumamosi huandika kwanza humo kwa kalamu, kisha hunisomea mimi niandike kwenye kompyuta, na tukimaliza hunitaka nimsomee tena yote, huku akifuata kwa kidole.