Mama Aliyekunywa Dawa

Kitabu hiki nilikinunua kwa sababu ya jalada. Ndiyo, mimi ni mmoja wa hao. Kilikuwa kimelala kati ya vitabu vya mtumba kando ya Tom Mboya, rangi zake zikiniita, nami nikatoa nauli ya kesho yake bila kufikiri mara mbili. Sikujua kingeniliza ndani ya matatu, mbele ya watu, foleni ikiwa imekwama Thika Road.

Kinaitwa Daughter of the Moon Goddess, riwaya ya kwanza ya Sue Lynn Tan, mwandishi aliyezaliwa Malaysia. Kilitoka mwaka 2022. Kimejengwa juu ya hadithi ya kale ya Wachina kuhusu Chang'e. Zamani kulikuwa na jua kumi, dunia ikaungua, mpiga mishale Houyi akaangusha tisa. Akazawadiwa dawa ya kutokufa. Mkewe, Chang'e, ndiye aliyeinywa, akapaa hadi mwezini, na huko ndiko anakoishi. Hadithi hii haijazeeka. Chombo cha China kilichotua upande wa mwezi tusiouona kutoka huku, Januari 2019, kiliitwa Chang'e-4.

Sasa, kwa nini aliinywa? Hapo wasimulizi hawaelewani. Wengine wanasema alimwibia mumewe. Wengine wanasema mwanafunzi wa Houyi alivamia nyumba aipore, na mama wa watu akaona heri aimeze yeye. Tan ana jibu lake: Chang'e alikuwa mjamzito, waganga wakamwonya kwamba huenda yeye na mtoto wasipone. Akanywa. Mtoto ni Xingyin, na yeye ndiye anayetusimulia.

Mama yangu alienda Doha mwaka 2009, nikiwa na miaka saba. Kwetu pia wasimulizi hawakuelewana. Shangazi alisema amekimbia ndoa. Shosho alisema ameenda kutafuta karo, na anayebisha alete yake. Baba hakusema kitu. Alikuwa akiongeza sauti ya redio. Mimi nilibadilisha upande kulingana na siku. Siku pesa zimeingia nilikuwa wa shosho, lakini siku ya wazazi shuleni nilikuwa wa shangazi kabisa. Mama alipiga simu kila Ijumaa, kwa miaka sita. Kwa hiyo niliposoma kwamba Chang'e huwasha taa elfu moja kila usiku ili mwezi ung'ae, nilifunga kitabu nikaangalia dirishani. Jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kama niko sawa. Nikasema ni vumbi.

Kurasa za mwanzo, pale mwezini, ni tamu mno. Nyumba ni kubwa na kimya, na mtoto amefichwa asijulikane na Mfalme wa Mbinguni. Kisha uchawi wake unaamka, Malkia anashtuka, na binti inabidi atoroke. Anaishia ikulu ya maadui wa mamake, akijifunza upinde bega kwa bega na mwana wa mfalme, Liwei, bila kusema yeye ni nani.

Mapenzi je? Yapo, na kama ndiyo uliyofuata hutajuta. Kuna Liwei mpole, kuna Wenzhi kapteni mwenye siri. (Kama hujasoma, ruka: hiyo siri ni mbaya, na bado nilimtetea kwa kurasa kama kumi. Msinihukumu.) Katikati, vita ni vingi mpaka vinachosha, zimwi hili likianguka, lingine limeshapiga hodi. Lakini Xingyin sikumchoka, kwa sababu katika kila vita anatafuta kitu kimoja tu, msamaha wa mamake.

Na hapo ndipo tunapogombana, mimi na mwandishi. Amemsafisha Chang'e kupita kiasi. Kwa hizo mimba na waganga, nani atamlaumu? Mimi nilitaka mama mgumu kidogo, aliyeishika ile chupa, akamfikiria mumewe, akamfikiria mtoto, na bado akatamani kuruka. Huyo ningependa kuona binti yake akimpigania. Kumpigania asiye na kosa ni rahisi.

Mama alirudi 2015. Hatujawahi kuongea juu ya hayo. Jumapili iliyopita, akikata sukuma, nilimsimulia kitabu chote, kisha nikamuuliza kama ni karo tu iliyompeleka.

Akakata kidogo. "Karo ilikuwepo," akasema. "Lakini pia nilitaka kupanda ndege. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na zote nilikuwa nimeziona kwa chini."

Sikujua niseme nini. Kisu kikaendelea.

"Huyo wa mwezini," akauliza, "mwishowe alisamehewa?"

"Eeh. Na Mfalme wa Mbinguni."

"Mfalme alikuwa amekosewa nini?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia. Nikachukua kitunguu nikaanza kumenya, na nikamwambia Jumapili ijayo nitamsomea mwenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza, nikitafsiri polepole. Akasema sawa, lakini vita niviruke.