Chumvi ya Bibi na Tezi ya Shingoni

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kwa gari moshi kutoka Tabora kwenda Kigoma, bila shaka umepita Uvinza. Hapo, karibu na mahali ambapo Mto Ruchugi unaingia katika Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi kali ambayo watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo mwaka 1967 walikuta mabaki ya meko na vyungu vya wachemshaji wa zamani. Kila kiangazi, mito ilipopungua, watu wa makabila mbalimbali walipiga kambi, wakachemsha, wakatoa kodi kwa watawala wa Uvinza, kisha wakajitwika mizigo yao na kuondoka. Misafara iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe kwenda Ujiji iliikuta chumvi hiyo ikisafiri njia ile ile, ikibadilishwa kwa chakula na majembe. Richard Burton alipita huko mwaka 1858. Habari zake na za wenzake tumefundishwa sana shuleni. Za wachemshaji chumvi hatukufundishwa.

Nayasema haya kwa sababu bibi yangu mzaa mama alizaliwa huko. Baba yake alikuwa kibarua wa kuchemsha chumvi wakati wa Waingereza, na bibi alipoolewa na mfanyakazi wa reli wa hapa Tabora, chumvi ilimfuata. Ndugu zake walimpelekea kwa gari moshi, mfuko baada ya mfuko, naye aliihifadhi katika kibuyu kilichoning'inizwa juu ya meko. Kwa bibi, chumvi ya dukani haikuwa chumvi.

Bibi alikuwa na rovu. Uvimbe ulikaa mbele ya shingo yake, mkubwa kama embe dogo, naye aliufunika kwa ncha ya kitenge wageni walipokuja. Sisi wajukuu tulidhani kila bibi huwa hivyo. Alizaa watoto tisa, akazika wanne, na kati ya waliobaki yumo mjomba wangu mmoja ambaye hakusikia wala hakusema tangu kuzaliwa, na akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Alikuwa mpole mno. Alichota maji, akafagia ua, akafa akiwa na miaka arobaini na kitu bila kupata kutamka jina la mama yake. Ukoo ulisema ni laana, na bibi aliibeba laana hiyo hadi kaburini, maana katika mambo ya namna hii lawama humwangukia mwanamke.

Mimi nilikuja kujifunza habari za tezi ya shingo kwa njia ya msiba wangu mwenyewe.

Mwaka 2009 nilipata mimba ya kwanza. Tangu mwanzo nilikuwa mzito kupita kiasi. Nilisikia baridi mchana wa Oktoba, wakati Tabora nzima inatafuta kivuli chini ya miembe. Nywele zilinyonyoka, ngozi ilikauka, choo kilikuwa kigumu, na asubuhi uso ulikuwa umevimba. Nililala mahali popote nilipokaa. Mama mkwe, ambaye ni mtu mwema, alinitazama akasema: "Mwanangu, mimba si ugonjwa. Sisi tulilima hadi siku ya kujifungua." Nilipokwenda kliniki nikaeleza hali yangu, niliambiwa kuwa uchovu ni kawaida ya mja mzito, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Sikuulizwa habari za shingo, nami sikuzisema. Katika mwezi wa tano mimba ikaharibika. Mtoto alikuwa wa kike.

Simlaumu muuguzi yule. Uchovu, kuvimbiwa, kufunga choo, kuongezeka uzito: ndugu msomaji, hebu niambie ni mja mzito gani asiye na mambo hayo? Hapo ndipo hila ya ugonjwa huu ilipo. Unavaa nguo za mimba na kupita mlangoni bila mtu kuutambua.

Tezi hii, ambayo vitabu vya shule huiita dundumio, iko mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake hufanana na kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, chakula kiunguzwe upesi au polepole, mwili uwe na joto kiasi gani. Malighafi yake ni madini joto. Tezi isipopata malighafi ya kutosha hujitanua ikijaribu kunasa kila chembe inayopita katika damu, na kujitanua huko ndiko rovu. Juu yake yupo msimamizi, yaani tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo. Ninyi mliofanya kazi karakana mtaelewa mara moja: fundi akizembea, msimamizi hupaza sauti. Daktari anapopima damu huipima sauti hiyo ya msimamizi. Ikiwa kubwa mno, ajue fundi amechoka. Ikiwa ndogo kupita kiasi, aghalabu fundi anafanya kazi kwa pupa.

Mimba inapoingia, fundi huyu anatakiwa kuwafanyia kazi watu wawili. Mtoto tumboni hawezi kuanza kujitengenezea homoni hizi kabla ya takriban wiki ya 12, na hata baada ya hapo huendelea kumtegemea mama kwa muda mrefu. Madini joto yenyewe huyapata kwa mama hadi siku ya kuzaliwa. Na ni katika majuma hayo ya mwanzo ndipo ubongo wake unapoanza kujengwa. Mama akipungukiwa sana, mimba yaweza kuharibika, au shinikizo la damu likapanda, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati na uzito mdogo. Na pale ambapo madini joto yamekosekana kabisa kabisa, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, bubu na mwenye akili iliyodumaa.

Niliposomewa sentensi hiyo ya mwisho na daktari, nilimkumbuka mjomba wangu na fagio lake. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyokuwa sababu yake, hakuna aliyempima. Lakini tangu siku hiyo neno laana sikulitaja tena nyumbani mwangu.

Wako wanaodhani kwamba chumvi ni chumvi, na kwamba chumvi ya asili ni bora kuliko iliyotiwa dawa. Bibi alikuwa mmoja wao. Ukweli ni kwamba chumvi peke yake, iwe ya chemchemi au hata ya bahari, ina madini joto machache mno. Madini hayo yamo baharini na katika samaki wake. Nchi zilizo mbali na bahari, hasa za milima ambayo udongo wake umeoshwa na mvua kwa miaka mingi, huwa na upungufu. Ndiyo maana nyanda zetu za juu za kusini, na pande za Kasulu huko magharibi, zilijulikana kwa marovu. Muhogo nao husaidia kuharibu mambo. Makopa ya muhogo mchungu yasipolowekwa na kukaushwa vizuri huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kunasa madini joto, hata yale machache yaliyopo. Katika nyumba ambayo ugali ni wa muhogo mwaka mzima na chumvi haina kitu, tezi ya mama hupigwa pande zote mbili.

Taifa halikukaa kimya, na hili sharti lisemwe. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilishughulikia tatizo hili kwa bidii. Kuanzia mwaka 1986 watu wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 zikaja kanuni za kulazimisha chumvi ya kuliwa itiwe madini hayo. Katika miaka ya 1980 inakadiriwa kuwa robo ya watoto wa shule nchini walikuwa na rovu. Ulipofanyika uchunguzi wa taifa mwaka 2004, walibaki kiasi cha 7 katika kila 100. Wachumi waliandika mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge vile wakati wa mimba, hasa wasichana, walisonga mbele zaidi shuleni kuliko wenzao. Wengine waliopitia hesabu hizo baadaye walisema faida haikuonekana wazi kiasi hicho. Wabishane, mimi sina ugomvi na vidonge vile.

Basi, nirudi kwangu. Mwaka 2012 nilipata mimba nyingine, na safari hii sikungoja tumbo lionekane. Wengi wetu huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, wakati zile wiki 12 zimekwisha pita. Nilikwenda nikiwa na wiki saba. Daktari kijana alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama katika ukoo yupo mwenye rovu, akanishika shingo na kuniambia nimeze mate. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa Mwanza. Majibu yalipokuja alisema: "Mama, tezi yako imechoka sana. Ni bahati umekuja mapema."

Nilimwambia kwa majivuno kidogo kwamba mimi situmii chumvi ya bibi, natumia ya pakiti. Akacheka. Akaeleza kwamba wangu ulikuwa ugonjwa mwingine: kinga ya mwili ilikuwa imegeuka na kuishambulia tezi, jambo linalowapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na ambalo chumvi haiwezi kuliponya. Shingo yangu haikuwa na uvimbe wowote. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikijitazama katika kioo nikitafuta rovu la bibi, na kwa kutoliona nikajihesabu mzima.

Nilianzishiwa vidonge vya levothiroksini, ambavyo ni homoni ile ile tezi iliyoshindwa kuitengeneza, na kwa hiyo havina madhara kwa mtoto vikitumiwa kwa kipimo sahihi. Nilitakiwa kupima damu kila baada ya wiki nne. Kipimo cha pili kikaja kibaya, cha tatu nacho kibaya, dozi ikaongezwa, nami usiku nikawa nalia nikingoja tumbo liume kama mwaka 2009. Mwisho daktari akaniuliza: "Vidonge hivi unavimeza vipi?" Nikamwambia navimeza asubuhi pamoja na vile vya kuongeza damu, na chai ya maziwa, ili nisisahau. Akashika kichwa. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya damu hukamata ile homoni tumboni isiingie mwilini. Levothiroksini humezwa kwa maji matupu, kabla ya kula, na vidonge vya damu hungoja saa nne au zaidi. Nadhani jambo hili dogo ndilo lililonifanya niandike makala hii yote, maana karibu kila mja mzito katika nchi hii hupewa vidonge vya damu. Na wewe uliyekuwa ukitumia levothiroksini kabla ya mimba, usisubiri tarehe ya kliniki: mara ujuapo kuwa umepata mimba mwone daktari, kwani dozi mara nyingi huhitaji kuongezwa kwa robo moja au zaidi.

Kuna upande wa pili, nao nitaugusa tu. Jirani yangu tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi. Alikonda mimba ikiwa inakua, moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala, mikono ilitetemeka asiweze kushona kifungo. Mtaani walisema mengi, mnayajua. Alipopata nafuu kidogo aliacha dawa kwa kuogopa zingemdhuru mtoto, na karibu afe katika uchungu wa uzazi. Dawa za ugonjwa huo zipo, na daktari huchagua ya kufaa miezi ya mwanzo na ya kufaa miezi ya baadaye. Kuziacha kwa uamuzi wa mtu binafsi ndiko kunakoua. Hali kadhalika, hata baada ya kujifungua tezi yaweza kuyumba kwa miezi kadhaa. Huwapata kiasi cha wanawake 5 katika 100, nao huambiwa kwamba wamechoshwa na kunyonyesha.

Kuhusu jikoni. Mja mzito na anayenyonyesha huhitaji maikrogramu 250 za madini joto kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida hutosheka na 150. Hii haina maana aongeze chumvi, kwani shinikizo la damu lipo linamngoja. Maana yake ni kwamba ile kidogo anayotumia iwe imetiwa madini, itiwe katika chombo chenye kifuniko, ikae mbali na moto na unyevu, na iongezwe mchuzi unapokaribia kuiva. Chumvi ya kupimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi sokoni, lisilo na maandishi yoyote, mimi siinunui, na nimegombana na mume wangu kwa ajili hiyo. Yeye pia ni mtu wa reli, na alipotoka safari ya Kigoma alipenda kuniletea mfuko akidhani ananifurahisha.

Mwanangu alizaliwa Februari 2013, kilo tatu na nusu, akapiga kelele hadi wodi nzima ikageuka kutazama. Mama mkwe alikuwapo. Alimbeba, akamwita kwa jina, mtoto akageuza kichwa upande wa sauti, naye akanitazama bila kusema neno. Habari za mjomba wangu alikuwa anazijua.

Kibuyu cha bibi ninacho hadi leo. Nimekitundua kutoka juu ya meko, na ndani yake naweka mbegu za maboga.