Gitaa lilipofunika jina la kijiji

Leo siwaletei habari za barabara wala bei ya unga. Nataka kuwaeleza kosa langu la kazi, maana baadhi yenu mlilisikia redioni.

Hapa Kilembwe kuna kwaya ya watu waliohama vijiji mbalimbali. Zamani kila mmoja aliimba kanisani kwake, vita ndiyo imewakutanisha. Walitunga wimbo unaotaja vijiji walivyoacha, kimoja kimoja, na baada ya kila kijiji wanataja familia zilizofika hapa. Mtu aliye Baraka, Fizi, au hata kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, wimbo ukimfikia kwa simu, ajue watu wake wako hai. Ule haukuwa wimbo tu, ulikuwa barua.

Nilikwenda na kinasa sauti changu kidogo cha mfukoni. Kijana wa gitaa la solo alikuwa amechomeka kwenye ampli yenye bafle kuukuu, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Nikaweka kinasa juu ya bafle lenyewe, nikidhani kukaa karibu ndiko kusikia vizuri. Taa nyekundu ikawaka tangu mwanzo. Niliiona. Nikasema moyoni: nitarekebisha baadaye kwenye kompyuta.

Haikurekebishika. Siku mbili baada ya wimbo kupita hewani, mama mmoja alinisimamisha njiani kutoka sokoni.

“Mwanangu, kijiji chetu mlikitaja?”

“Ndiyo, Mama, kimetajwa.”

“Mimi nilisikia tu kama mabati yanakwaruzwa. Kama mimi niliye hapa sikukisikia, dada yangu aliye Nyarugusu atakisikiaje?”

Sikuwa na jibu. Usiku nilisikiliza tena kwa spika za masikioni. Kila solo ilipopanda, ilitoa mkwaruzo, na chini ya mkwaruzo majina yalizama.

Kwenye mafunzo ya uandishi wa habari tulifundishwa kurekodi mtu anayeongea. Gitaa la umeme hatukufundishwa. Basi nilianza kujaribu, jioni baada ya jioni, na yule kijana akinisaidia. Haya ndiyo niliyoyapata, huenda yakamfaa anayerekodi kwaya yake kwa kifaa kidogo kama changu.

Kwanza, kinasa cha kidijitali kina dari. Kwenye kipimo chake dari hiyo inaitwa sifuri. Sauti ikiigonga, kichwa cha wimbi kinakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Ukipunguza sauti baadaye, unapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Sasa ninamwomba mpigaji apige sehemu yake yenye nguvu kuliko zote, si ile ya upole ya kupasha vidole. Hapo ninapanga kipimo ili vilele vifike kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Ninazima pia ule mpangilio wa kujirekebisha wenyewe, kwa sababu gitaa likinyamaza unapandisha ngurumo ya jenereta, na gitaa likirudi unaikandamiza sauti ya waimbaji.

Pili, kama mikro yenyewe imelemewa, kushusha kipimo hakusaidii. Dawa ni kusogea. Niliondoa kinasa juu ya bafle, nikakiweka hatua mbili mbele, juu ya kiti chenye kitenge kilichokunjwa ili mtetemo wa sakafu usipande. Nikaligeuza bafle kidogo pembeni, waimbaji wakawa karibu na kinasa kuliko gitaa.

Tatu, nilijaribu kuchomeka waya wa gitaa moja kwa moja kwenye kinasa. Mkwaruzo uliisha, lakini sauti ikawa butu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Sumaku za gitaa zinatoa umeme dhaifu. Zinataka tundu lililotengenezwa kwa ajili yake, kama lile la ampli. Kwenye tundu la kinasa changu sauti za juu zinapotea. Tukarudi kwenye ampli. Tuliishusha nusu, na mkwaruzo mwingine ukaisha wenyewe: kumbe bafle lile lilikuwa limechanika, likikwaruza kila lilipopigwa kwa nguvu.

Nne, jenereta tuliizima. Ampli ikala umeme wa batri ya paneli ya jua, na simu zote zikawekwa nje, maana simu ikitafuta mtandao inaacha mlio wake ndani ya rekodi.

Si mambo mageni. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gitaa lile halikuwa la umeme, na mashine ya siku zile huwezi kuilinganisha na hii ya mfukoni, lakini mpaka leo vidole vinasikika na sauti yake inasikika, kimoja hakimkanyagi mwenzake. Docteur Nico naye alipiga gitaa la umeme, na kila noti yake inasimama peke yake. Masikio yetu yamelelewa na sauti hizo. Ndiyo maana yule mama hakuhitaji kusoma ufundi ili ajue kwamba nimeharibu.

Tulipokuwa tayari kurekodi tena, kijana wa solo alikuwa ameshaondoka kwenda Misisi kutafuta maisha kwenye dhahabu. Siku ya mwisho aliniambia: “Yaya, mkirekodi, mwambieni huyo mwingine asishindane na majina.” Mwingine akapiga, polepole, akinyamaza kila kijiji kilipotajwa. Rekodi ikatoka safi. Nilimtafuta yule mama, nikampa spika za masikioni. Alisikiliza mpaka kijiji chake, akainua mkono nisimamishe, akaomba nirudishe. Nikarudisha mara tatu. Kisha akaniuliza inaingiaje kwenye simu.

Ile rekodi ya kwanza sijaifuta. Solo ya yule kijana ilikuwa nzuri kuliko hii, na ninayo hiyo moja tu, chini ya mkwaruzo nilioutengeneza mimi. Kwetu watu wanahama. Unayemrekodi leo, kesho huenda usimkute. Ukiona taa nyekundu, ndugu yangu, simamisha wimbo, omba radhi, muanze upya.