Mhusika na Ulimi Wake: Kuhusu Usemezano katika Riwaya

Wahakiki wetu wamezoea kuusifu usemezano wa riwaya kwa kuwa "unaakisi maisha". Sifa hiyo hunitia shaka. Katika Kuli (1979), Shafi Adam Shafi ana bahati ambayo wengi wetu wa bara hatuna: wahusika wake wa Unguja huzungumza Kiswahili nyumbani na bandarini, kwa hivyo maneno anayowapa ni yao. Mkulima wa Machakos anayeteta na mkewe hateti kwa Kiswahili. Huteta kwa Kikamba, na kila analolitamka katika riwaya ya Kiswahili ni tafsiri, hata kama mwandishi hasemi hivyo.

Ndiyo maana katika miswada ya wanafunzi nyanya asiyejua kusoma hunena kama mhadhiri: "Hali hii inasababishwa na ukosefu wa maadili." Wapo wanaokimbilia Sheng. Nayo humfaa utingo wa matatu, si nyanya huyo.

Mimi huanzia kwenye jinsi watu wanavyoitana. Mume aliyezoea kusema "Mama Mutua" akimwita mkewe kwa jina lake la utotoni, ugomvi umekwisha kuanza, wala hapahitajiki "alisema kwa hasira". Kumwita mzazi kwa jina la mwanawe ni desturi ya bara na pwani vilevile, kwa hivyo wito huo huvuka lugha bila kujeruhiwa. Methali (mapenzi makuu ya waandishi wetu!) huvuka kwa taabu zaidi. Anayemtia mzee wa Ukambani kinywani methali ya jahazi na tanga amemhamishia Lamu bila nauli.