Kupunguza Tumbo, Si Kupunguza Nguvu

Sisi tunaoandika habari hii ni mama watano wa Kambove, mji wa shaba ulio yapata kilometa 25 kutoka Likasi. Mdogo wetu ana miaka 62, mkubwa wetu ana miaka 71. Sote twaitwa nkambo na wajukuu wengi. Mmoja wetu ndiye aliyeshika kalamu, lakini mambo haya ni ya sote, nasi tumekubaliana kuyasema bila kuficha, hata yale ya kutuaibisha.

Mwaka mmoja na nusu umepita tangu tulipoanza kupunguza miili yetu. Jirani zetu walicheka sana. Walisema, “Wazee hawa watafuta nini na kiuno chembamba? Je, wataka kuolewa tena?” Hatukukasirika, maana sisi wenyewe tungaliona mama wengine wakifanya hivyo, tungalicheka vilevile.

Tangu utoto tulifundishwa kwamba unene ni heshima. Mama zetu walikaa katika kambi za Union Minière, nasi tukaolewa zamani za Gécamines, ambapo mfanyakazi alipewa posho ya unga. Mke mnene alikuwa sifa ya mumewe: watu walimtazama wakajua ya kuwa nyumba ile ina chakula. Mwembamba alihesabiwa kuwa mgonjwa, ama mwenye kuteswa na mume.

Kisha mambo yaligeuka. Kazi ya migodi ilidhoofika miaka ya 1990, na mwaka 2003 ukaanza ule mpango wa kuondoka kwa hiari, ambao kwa huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Waume wa wawili wetu walikuwamo. Fedha ilipopungua, tulidhani tutakonda. Kumbe, tulizidi kunenepa! Sababu yake ndiyo hii: mwenye fedha kidogo hapunguzi bukari, hupunguza kitoweo. Mlima wa bukari ulibaki palepale, lakini samaki akawa kipande, na maharage yakawa mchuzi. Asubuhi tulikunywa chai yenye sukari vijiko vinne, pamoja na mikate ya kukaanga. Jioni bukari tena. Tulishiba, lakini tulishiba kitu kimoja tu.

Tena umri nao una kazi yake. Hedhi ikikoma, mafuta ya mwanamke huhamia tumboni, na mifupa yake hupoteza ugumu. Misuli nayo, yaani nyama ile inayotuinua na kututembeza, huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, na baada ya miaka 60 hupungua upesi zaidi. Basi mama mzee aweza kuwa mzito kwenye mizani na huku ni dhaifu. Mafuta yameongezeka, nguvu zimekwenda. Siku moja muuguzi alitupima viuno kwa utepe. Alisema kwamba kiuno cha mwanamke kikipita sentimeta 80, ni onyo la ugonjwa wa sukari na wa moyo. Sisi sote tulipita 100. Wanne wetu tulikuwa na presha, na wawili walikuwa tayari na ugonjwa wa sukari.

Mwenzetu mmoja alianza kabla yetu, naye alianza vibaya. Alinunua sokoni majani yanayosifiwa kupunguza tumbo, akayanywa asubuhi na jioni. Mchana alikula kipande cha papai, na usiku alilala na njaa. Baada ya miezi miwili alikuwa amepungua kilo 9. Mizani ilimsifu, nasi tulimsifu, na kusema kweli tulimwonea wivu. Halafu jioni moja alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, akipuliza makala. Alipotaka kusimama, miguu ilikataa. Alianguka, akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Bahati yake hakuangukia moto. Tulipokwenda kumtazama alitujibu neno ambalo hatujalisahau: “Nimepungua kweli, lakini nimepungua mahali pabaya.”

Mganga aliyemfunga mkono alimweleza sababu. Njaa haichagui. Mtu anaposhinda na njaa, mwili wake hula mafuta uliyoyaweka akiba, lakini hula na misuli pia. Katika kilo nne zilizopotea, moja yaweza kuwa si mafuta. Kijana hurudishiwa misuli yake upesi. Mzee hairudishiwi bila kuifanyia kazi. Naye akianza kula tena kama zamani, mafuta hurudi kwanza. Ndivyo mama aweza kupunguza mwili mara tatu katika maisha yake, na kila mara akabaki dhaifu kuliko kwanza.

Hapo ndipo tulipofahamu kosa letu. Tulikuwa tukiuliza, “Nitapunguza kilo ngapi?” Ilitupasa kuuliza, “Nitapunguza nini, nami nitabaki na nini?” Basi tulikubaliana mambo mawili: kula vizuri bila kujitesa kwa njaa, na kuitumikisha misuli ili mwili usiile.

Tuseme kwanza habari ya chakula. Wataalamu wa uzee washauri mtu mzee ale kila siku gramu 1 mpaka 1.2 ya protini, yaani ile sehemu ya chakula inayojenga mwili, kwa kila kilo ya uzito wake. Mama wa kilo 70 ahitaji basi gramu 70 mpaka 84. Tuliposikia hayo tulikata tamaa, kwa kuwa nyama hatuwezi kununua kila siku. Lakini tulipohesabu, tuliona kwamba dawa ilikuwa katika soko letu wenyewe. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, na karanga kadiri ya gramu 25. Yai moja lina 6. Samaki wadogo waliokauka, na vile vinkubala vya porini ambavyo watoto wa siku hizi waanza kuvidharau, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Unga wa mahindi una gramu 8 tu katika gramu 100.

Kwa hiyo tuligeuza sahani. Zamani bukari ilikuwa bwana, na kitoweo mtumishi wake. Sasa nusu ya sahani ni majani: lengalenga, matembele au sombe. Robo ni maharage, samaki au vinkubala. Robo iliyobaki ni bukari, kadiri ya ngumi ya mlaji mwenyewe. Mafuta twayapima kwa kijiko, hatuyamimini tena kutoka chupani, maana kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Sombe twaitia karanga, basi haihitaji mafuta mengi. Sukari ya chai tuliishusha kijiko kimoja kila mwezi mpaka ikaisha, na mikate ya kukaanga imekuwa chakula cha sikukuu. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuacha kuonja chunguni na kumaliza mabaki ya wajukuu. Chovyachovya yamaliza buyu la asali. Lakini kwetu sisi asali ile haikupotea, ilikaa kiunoni.

Mtasema kwamba maharage na samaki yana bei. Ni kweli. Kwa sababu hiyo tulianzisha likelemba ndogo. Kila juma kila mmoja hutoa alichoweza, na mwisho wa mwezi twanunua gunia la maharage tukagawana. Wakati wa vinkubala twanunua vingi, twavikausha na kuviweka.

Sasa habari ya mazoezi. Mwanzoni tuliona haya, tena tuliogopa kwamba umri wetu umepita. Aliyetutia moyo ni binti wa mwenzetu, mwanafunzi wa uuguzi, aliyetusimulia jambo lililofanyika Boston, katika Marekani, mwaka 1990. Huko wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wakongwe, wenye umri wa miaka 90 hivi, walifundishwa kuinua mizigo kwa miguu yao, mara tatu kwa juma, kwa muda wa majuma 8. Nguvu za miguu ziliongezeka zaidi ya maradufu. Ikiwa mzee wa miaka 90 aweza, sisi wa miaka 62 tutatoa udhuru gani?

Hatuna vyombo vya mazoezi. Tuna viti, ukuta na mabidoni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, twakusanyika katika lupango ya mmoja wetu. Kwanza twaketi kitini, kiti kikiegemea ukuta, mikono imekunjwa kifuani, nasi twainuka na kuketi mara kumi. Twapumzika, twarudia, mpaka mara tatu. Mwezi wa kwanza wawili wetu hawakuweza kuinuka hata mara moja bila kushika kitu. Kisha twausukuma ukuta kwa mikono miwili, tukiukaribia na kujirudisha. Halafu kila mmoja hubeba mabidoni mawili, moja kila mkono, akizunguka uwanja. Tulianza na lita 2 katika kila bidoni, na lita moja ya maji ni kilo moja. Leo twabeba lita 8. Mwisho twasimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na mlango, kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Siku nyingine twatembea nusu saa asubuhi mapema, kabla magari makubwa ya madini hayajatimua vumbi.

Wengine hutuuliza, “Je, kuchota maji na kutwanga si mazoezi?” Ni mazoezi mema kabisa, na mama anayelima bado ana mwalimu wake shambani. Lakini tujiulize kwa haki: maji yachotwa na nani sasa? Wajukuu. Sombe yasagwa wapi? Kinuni mwetu, au mashineni? Tena misuli haiongezeki kwa mzigo uliouzoea miaka arobaini. Yahitaji mzigo uzidishwe kidogo kidogo. Lakini mwenye presha, sukari, ugonjwa wa figo au maumivu ya kifua amwone mganga kwanza, kabla ya kubadili chakula au kuinua mizigo.

Kilichotuumiza kuliko mazoezi ni maneno ya watu. Katika kilio kimoja mama fulani alimvuta mwenzetu pembeni, akamwuliza kwa huruma, “Mama, usinifiche, waumwa nini?” Kwa kuwa kwetu mtu akikonda, watu huhesabu ugonjwa kabla ya kuhesabu afya. Mwingine alijiwa na mwanawe kutoka Likasi, na mfuko wa unga wa kilo 25 begani. Kijana alikuwa na machozi. Alisema, “Mama, watu wasema nimekutupa. Ukonde namna hii, nami ni hai?” Mama hakubishana naye. Aliweka kiti, akainuka na kuketi mara kumi na tano, kisha akanyanyua mfuko ule wa unga, akauingiza ndani mwenyewe. Kijana alinyamaza. Tangu siku ile, akija huleta maharage.

Hatutaki kuwadanganya. Mwenzetu mmoja aliacha baada ya miezi minne, kwa sababu ya goti na ya kuchekwa. Bado ni rafiki yetu, na bado amo katika likelemba. Katika sisi wanne tuliobaki, mmoja amepungua kilo 8, wawili wamepungua 5. Mkubwa wetu wa miaka 71 amepungua kilo 2 tu, naye alinung'unika sana mbele ya mizani. Lakini kiuno chake kimepungua sentimeta 9. Na zaidi ya hayo, kwa miaka sita alikuwa hawezi kuketi mkekani na wajukuu, kwa hofu ya kuombwa kuinuliwa kama gunia. Sasa huketi nao, na usiku ukiingia huinuka mwenyewe.

Mama mwenzetu unayesoma haya, usianze kwa kujinyima. Jioni ya leo tafuta kiti kisichoyumba, kiegemeze ukutani, uketi. Kunja mikono kifuani, kisha uinuke. Ukishindwa, shika ukuta. Kesho ujaribu tena.