Nani Alimlisha?

Katika miaka niliyoishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, sikumbuki msiba wa mtu mzima kutoka Kivu, Kongo, uliopita bila neno sumu kutajwa chini ya turubai. Kifua kikuu, ini, kisukari ambacho hakikuwahi kupimwa: kila ugonjwa ulikuwa na jina lake la hospitali, na kando yake palikuwa na jina la mtu. Wazee wa Bukavu walisema karuho, ile sumu ya polepole inayomla mtu kwa miezi hadi abaki ngozi na mifupa. Wamalawi wa vijiji vya Dowa, tuliokuwa tukinunua kwao kuni na mboga, walisema ndulu ya ng'ona, nyongo ya mamba, inayofichwa chini ya ukucha na kudondoshwa ndani ya kikombe cha pombe. Warundi, Wanyarwanda na Wahabeshi hawakukosa lao. Kambi nzima ilibishana kuhusu siasa, dini na mpira, lakini juu ya sumu tulielewana upesi.

Mimi nilifika na cheti cha maabara cha chuo cha ISTM Bukavu, kimekunjwa mara nne ndani ya soksi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwenye kiwanja cha gereza ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000. Iko mwendo wa kilomita 45 hivi kaskazini mwa Lilongwe, na asiyeamini kwamba Malawi ina baridi angelala pale mwezi wa Juni ndani ya nyumba ya matofali mabichi. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa 1951 iliviwekea kizuizi vifungu vya ajira na vya kutembea huru, kwa hiyo cheti changu hakikuwa na mahali pa kuajiriwa. Kwenye kituo cha afya nilianza kama mkalimani. Baadaye nikasaidia maabara, kupaka damu kwenye vioo na kutafuta malaria, kwa posho ya sabuni na vocha ya simu.

Koti jeupe lilitosha watu waniite dokta. Nao waliniletea vitu. Nusu ya sambusa ndani ya gazeti. Matapishi kwenye mfuko wa plastiki. Chupa ya soda yenye kidonge kisichoyeyuka chini.

"Dokta, pima hii. Kuna mutu aliweka kitu."

"Nipime nini ndani yake?"

"Sumu."

Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama. Hakuna mashine duniani unayoiwekea sambusa ikakujibu kama ina sumu au haina. Kila sumu ina mlango wake, na lazima ujue unabisha mlango upi: sianidi ina kipimo chake, dawa za wadudu zina chao, metali nzito zina chao. Asiyejua anatafuta nini atapima mpaka sambusa iishe asione kitu, na kutoona kwake hakutathibitisha chochote. Filamu zinalificha hilo, na mimi nilikuwa nalieleza kwa watu waliofuata jeneza asubuhi ile ile. Wengi walidhani nimehongwa. Mzee mmoja wa Fizi aliniambia kwa upole kabisa kwamba mashine zetu hazina macho ya usiku.

Kisa kilichonisukuma katika kazi ya kupima sumu kilikuwa cha unga. Mgao wa WFP ulikuwa mahindi, maharage na mafuta. Kwa mtu wa Uvira au Fizi bugali hasa ni wa muhogo. Wa mahindi unavumiliwa tu. Akina mama waliuza sehemu ya mahindi yao sokoni na kununua makopa yaliyoletwa na wachuuzi kutoka kandokando ya ziwa. Kule ziwani, hasa Nkhata Bay, wanawake hupanda muhogo mchungu kwa makusudi. Mtafiti wa Kimalawi Linley Chiwona-Karltun na wenzake waliwauliza sababu, wakachapisha majibu mwaka 1998: mwizi haibi kitakachomdhuru, na nyani naye hupita mbali. Uchungu ndio uzio wa shamba. Lakini uzio huo ni sianidi, na hauondoki mpaka muhogo uvundikwe majini siku kadhaa, ulainike, ukaushwe. Mchuuzi akiwa na haraka, au njaa ikiwa imebisha hodi, siku hupunguzwa, na sianidi hubaki ndani ya unga mweupe usio na harufu ya kukutia shaka.

Mwaka mmoja mgao ulipunguzwa, na katika zoni ya Kawale watoto wa nyumba moja walitapika usiku, wakalalamika vichwa na kizunguzungu. Kulipokucha walikuwa wazima. Usiku ule mama yao alikuwa amekopa bakuli la unga kwa jirani, mjane asiye na kaka wala shemeji kambini. Kabla ya saa nne asubuhi jina lake lilikuwa limeshazunguka bombani.

Nilikuwa na bahasha ya vikaratasi vya njano niliyopewa na mhadhiri mmoja wa chuo cha kilimo cha Bunda. Ni kipimo alichokibuni Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ambaye aliwagawia bure watu wa nchi zetu: unga kidogo na maji ndani ya kichupa, kikaratasi cha pikreti kinaning'inia juu, kifuniko kinabanwa, unasubiri hadi kesho yake. Sianidi ikipanda kama gesi, njano inageuka kuwa kahawia. Shirika la Afya Duniani linakubali miligramu 10 kwa kilo ya unga. Kikaratasi changu kiliamka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilikipeleka kwa wazee wakiwa wameketi na kiongozi wa zoni. Niliwaeleza kuhusu konzo, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla bila kupona, ambao daktari Trolli aliuandika huko Kwango mwaka 1938, ambao Hans Rosling aliukuta kaskazini mwa Msumbiji mwaka 1981, na ambao umewahi kuonekana hata kwetu Kivu ya Kusini. Niliwaambia huu ni uvundikaji mfupi, si mkono wa mtu. Walinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, dokta. Tumeona. Unga ulikuwa na sumu," alisema mkubwa wao. "Sasa, nani alimupatia huyu mama ule unga?"

Nilikuwa nimetegemea kikaratasi kimtetee mjane, nacho ndicho kikawa shahidi wa upande wa pili. Kwamba yeye na wanawe walikula unga ule ule hakukumsaidia. Mchawi, walisema, ana kinga yake. Jiwe lilirushwa juu ya bati lake usiku, na baada ya hapo akahamia Katubza. Wakati huo huo akina mama wale wale walioacha kumsalimu waliniomba niwafundishe njia ya kulowesha unga: uchanganye na maji, uutandaze mwembamba kwenye ungo, saa mbili juani au saa tano kivulini, gesi inaondoka, halafu unasonga bugali siku hiyo hiyo. Waliishika mara moja. Maarifa waliyachukua na mjane wakamwacha, na hawakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na bado siwezi kuwaita wajinga.

Mhadhiri yule ndiye aliyenifungulia Lilongwe. Kwenda mjini kulitaka barua ya ruhusa, na mara barua ikipatikana nauli inakosekana. Minibasi ilipita Lumbadzi, penye uwanja wa ndege, kisha Kanengo, ambako msimu wa mnada tumbaku ilinukia mpaka ndani ya nguo. Lilongwe yenyewe ni mji wa maeneo yenye namba ambazo hazifuatani ardhini, na mgeni anaweza kuvuka kutoka eneo moja akadhani namba inayofuata iko mbele. Tulikuwa tunaelekea upande mwingine, barabara ya Mchinji, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Chitedze. Niliruhusiwa kuketi pembeni, kuosha vyombo na kutazama.

Kilichotazamwa zaidi ni karanga. Sumukuvu ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula chenye karanga zilizotoka Brazil, na kwa Malawi imekuwa mlango wa soko kufungwa usoni, kwa sababu Ulaya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 4 kwa kilo katika karanga za kuliwa moja kwa moja. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125. Mbinu ya kuipima ilinivutia kuliko sumu yenyewe: sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kimepakwa kingamwili zinazoitambua sumukuvu na kuiacha kemikali nyingine ipite. Rangi ikizama, sumu ni kidogo. Rangi ikififia, sumu ni nyingi. Wakati ule sikujua kwamba vishimo hivyo ndivyo vingenilisha maishani.

Siku nyingine askari alikuja na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa nta. Kituoni pale polisi walileta majani waliyoyakamata ili yathibitishwe kwa ajili ya mahakama. Ni chamba, ile bangi ya Malawi ambayo watalii wanaitaja kwa jina la dhahabu. Fundi aliweka jani chini ya hadubini akanionyesha vinywele vilivyopinda, vyenye chembe ya chokaa kwenye shina, kisha akatumia dawa iliyogeuka zambarau. Askari alijua kwa pua tangu alipokamata gunia. Hakimu hakubali pua. Fundi aliandika saa ya kupokea, hali ya nta, jina la aliyeleta na la aliyepokea, akatia saini. Nilipenda uvivu ule wa sheria, kwamba haiendi mbele mpaka karatasi ifike.

Januari 2015 habari ya Chitima iliingia Dzaleka ndani ya siku moja. Ni mji wa mkoa wa Tete, ng'ambo ya mpaka wa Msumbiji. Watu walitoka mazishini wakanywa pombe ya kienyeji. Zaidi ya 230 wakaugua, 75 wakafa, aliyeipika akiwemo. Kambini hapakuwa na mjadala: nyongo ya mamba. Redio nazo zilisema hivyo hivyo, na maofisa pia. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Zimbabwe, miaka ya 1980, mtaalamu wa dawa N. Z. Nyazema aliijaribu nyongo hiyo maabara asione inaua, lakini nani angenisikiliza mbele ya majeneza 75? Majibu yalichapishwa miaka miwili baadaye: bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alikuwa ameota kwenye unga wa mahindi, akatengeneza asidi ya bongkreki, sumu iliyokuwa ikijulikana Uchina na kisiwa cha Java. Hakuna aliyeitia. Mtu wa kulaumiwa hakupatikana, na nadhani ndiyo maana habari hiyo haikusafiri hata robo ya umbali ule wa mamba.

Majibu hayo niliyasoma nikiwa Marekani. Nilihamishwa na familia, nikarudi shule, nikaishia katika maabara ya kupima mikojo ya madereva, wafungwa wa nje na watu wanaoomba kazi. Vishimo 96 vilikuwa vinanisubiri. Bangi inapita kipimo cha kwanza ikiwa chini ya nanogramu 50 kwa mililita. Ikizidi, inaenda kwenye mashine inayovunja molekuli na kupima uzito wa vipande, ambako ukomo ni 15. Chupa inapaswa kuwa na joto la nyuzi 32 hadi 38 inapopokelewa kutoka kwa mtoaji, kwa sababu wapo wanaokuja na mkojo wa mtu mwingine ndani ya koti. Hadi mwaka 1998 ukomo wa mofini ulikuwa 300, ukapandishwa hadi 2,000, kwa kuwa mkate wenye mbegu za mpopi ulikuwa unawatia watu mashakani kama wavuta afyuni. Huwa nawaeleza wageni wa maabara habari ya mkate huo, nami namkumbuka mjane wa Kawale. Kule nilimjua kwa sauti, kwa watoto, kwa deni lake la mkaa. Huku chupa ina mistari ya msimbo tu, na nikitaka kujua ni ya nani natenda kosa la kufukuzwa kazi. Wenzangu huona utaratibu huo ni wa kuchosha. Mimi ningelipa pesa kuupata siku ile ya wazee.

Simu za Dzaleka bado zinakuja. Mwaka 2023, serikali iliporudisha kambini kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mjini, rafiki yangu mmoja alifungiwa duka lake Lilongwe. Miezi michache baadaye kaka yake alikonda akafa. Alinipigia usiku, akaniuliza kama kweli huku tunaweza kupima hata nywele. Nikamjibu ndiyo, nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi na huhifadhi baadhi ya vitu alivyoingiza mtu mwilini, kwa hiyo sentimita nne zinasimulia kama miezi minne. Alisema wamekata za marehemu kabla ya kumzika, wamezifunga kwenye karatasi safi, wameandika tarehe. Nilimsifu kwa hilo. Nikamweleza kwamba ni lazima aniambie kwanza tunatafuta kemikali gani.

"Hayo ya kemikali mutajua ninyi," alisema. "Mimi nauliza: ndani ya izo sentimita, jina la mutu linaonekana?"

"Halionekani."

Alinyamaza kidogo, akahesabu gharama ya kutuma.

"Basi acha, ndugu yangu. Iyo pesa tutanunua nayo mbolea."