Matanga Yakishaanuliwa

Watu wa pwani tunajua kuzika. Mtu akikata roho alfajiri, mara nyingi jua halijazama keshalazwa kaburini, na hakuna aliyelipwa kuchimba. Vijana wa mtaa wameshakamata majembe, sanda imeshanunuliwa, akina mama wamepanga mafiga uani na masufuria ya shughuli yametolewa yanakohifadhiwa. Mikeka inatandikwa. Mfiwa haulizwi kama ana njaa. Anawekewa sahani, na mtu anakaa naye mpaka ameze matonge mawili. Hitima inasomwa, na arobaini ikifika inasomwa tena. Kila anayeingia anampa mkono na kumwombea subira. Kwa siku zile za mwanzo, sijaona utaratibu wa kumtunza aliyevunjika moyo unaoushinda huu.

Lakini mikeka hukunjwa. Matanga yakishaanuliwa watu hurudi kwenye riziki zao, na ni haki yao, naye mfiwa hubaki na nyumba iliyopanuka ghafla. Huzuni haijui kwamba arobaini imekwisha kusomwa. Hutulia miezi kadhaa, kisha siku moja upepo unageuka, nayo inarejea.

Baba yangu alifariki Tanga katika Ramadhani ya mwaka 2015. Kilikuwa kipupwe: upepo wa kusi unavuma, bahari imechafuka, ngalawa nyingi zimevutwa juu ufukweni, wazee wanajitanda vikoi mabegani asubuhi, na machungwa ya Muheza yamejaa sokoni. Tangu hapo msiba wake una tarehe mbili. Ya kwanza inafuata mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka, na ile ya 2025 ilianza Machi, joto bado kali, watu wakisubiri masika. Siku hiyo tunamsomea dua, jamaa wanapiga simu, futari inapelekwa kwa majirani. Siku hiyo naiweza, kwa kuwa siibebi peke yangu.

Tarehe ya pili haikuandikwa popote, na hakuna anayeipigia simu. Inakuja na kipupwe. Napita kwenye meza ya machungwa mwezi wa Julai, harufu ya ganda lililomenywa inanifikia, na mwili unakumbuka kabla mimi sijakumbuka. Usingizi unakatika saa tisa za usiku. Chakula hakipiti. Nawajibu watoto kwa ukali ambao hawakuustahili. Kwa miaka kumi na zaidi kalenda hizi mbili zimezidi kuachana, na sasa ninafiwa mara mbili kwa mwaka: mara moja pamoja na ndugu zangu, mara moja kimya kimya.

Nikilisema jambo hili mbele za watu, karibu kila mtu ana msimu wake. Yuko mama aliyempoteza mtoto masika, na mpaka leo mvua ikianza kupiga bati anawasha redio kwa sauti ya juu. Yuko mwingine asiyeweza kula embe, kwa sababu mumewe ndiye aliyekuwa akizileta nyumbani vuli.

Katika nchi zenye baridi kali madaktari wanaeleza huzuni ya msimu kwa mwanga. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watu wanaozama katika sonona kila majira ya baridi, mchana unapofupika. Kwetu maelezo hayo hayatoshi. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Jua halituachi. Kinachoturudia ni kumbukumbu iliyoshikamana na upepo, matunda na kazi za msimu. Ndugu zetu walioko Oslo au Minneapolis hupata yote mawili kwa pamoja. Mtu amezika kwa simu, picha ikikatika kila mara, na nje kiza kinaingia alasiri. Hao nawawazia sana. Hawakupewa hata mkono mmoja wa pole.

Wapo wanaofundisha kwamba huzuni ina hatua tano, kuanzia kukana mpaka kukubali. Mafundisho hayo yalitoka katika kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na watu aliowasikiliza walikuwa wagonjwa wanaokaribia kufa wenyewe. Baadaye yakahamishiwa kwa wafiwa. Nayaona yameumiza wengi, maana mtu aliyedhani amekwisha kukubali, akilia tena mwaka wa nne, anajiona ameshindwa. Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walikaribia zaidi ukweli ninaoujua. Mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo anakabili pengo, kesho anashughulikia ada ya shule na paa linalovuja, na safari zote mbili ni sehemu ya kupona. Hilo halimshangazi mtu wa mwambao. Majahazi yalikuja kutoka Uarabuni kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na hakuna nahodha aliyeuhesabu upepo wa kurudi kuwa ni kushindwa.

Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi. Aliingia ndani kusi ikivuma, akatoka mvua za vuli zimeshaanza. Najua eda ina wanaoiona kifungo, na ziko nyumba zilizoigeuza hivyo kweli, mjane akawekwa chini ya ulinzi wa mashemeji huku urithi wake ukigawanywa mlangoni. Huo ni udhalimu. Kwa mama nilichokiona ni kingine. Hakuna aliyemtaka achangamke. Hakuna aliyemwalika harusini. Alasiri walikuja wanawake wenzake, siku nyingine wakiongea, siku nyingine wakisuka ukili tu bila neno. Alipewa muda unaojulikana wa kuwa na huzuni, na dunia nzima ikauheshimu. Sisi wanawe wa kiume tulirudi kazini wiki ileile, na kila tuliyekutana naye alituambia tujikaze. Mwanamume wa kwetu hupewa neno hilo moja, halafu watu wanashangaa akiwa mlevi, au mkali nyumbani, au akikaa barazani bila kusema na mtu. Jikaze ni neno baya kumwambia mfiwa, na natamani tuliache.

Iko pia huzuni iliyovuka mpaka. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unaitambua huzuni ya msiba iliyorefuka kuwa ni maradhi, pale inapozidi miezi sita, ikipita kiasi ambacho mila na dini ya mtu zinakitarajia, na ikimzuia kufanya kazi, kulea na kuishi na wenzake. Ukifika hapo, nenda hospitali. Tuna madaktari wa afya ya akili Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja. Majina hayo yanatutisha kwa sababu tumekua tukisikia yakitajwa kwa mzaha. Kutibiwa si kumsaliti marehemu, wala si upungufu wa imani. Na fikra za kutaka kumfuata zikikujia, usisubiri msimu upite: mwambie mtu leo.

Husemwa kwamba msiba humkuza mtu. Sipendi kauli hiyo, kwa kuwa ningerudisha hekima yote niliyoipata ili baba akae barazani jioni moja. Ninachokubali ni kwamba nimejifunza kukipokea kipupwe. Julai sipokei kazi ya ziada. Mke wangu anajua, na watoto wameambiwa kwa nini. Nanunua machungwa, nayamenya kama babu yao alivyoyamenya, ganda zima bila kukatika, nikiwasimulia alivyopenda kubishana juu ya mpira na mahali alipojificha wakati wa kulipa kahawa. Baadhi ya siku hizo tunacheka sana. Baadhi siwezi kuendelea, na binti yangu mkubwa humalizia kisa.

Kwa hiyo nina ombi. Ukitoka mazikoni, shika akilini ulikuwa msimu gani: mvua gani, upepo gani, tunda gani lilikuwa sokoni. Mwaka ukizunguka, nenda kwa yule mfiwa, hata kama umeshaenda siku ya dua. Huna haja ya kubeba kitu wala kuandaa maneno. Mtaje marehemu kwa jina lake, kisha uketi usikilize.